Kabla ya kulipia mega zaidi: jinsi ya kuchagua programu za kupima na kugawa koneksio

Saa nane za mchana, ofisi moja hapa Ibanda, mjini Bukavu, watu kumi na wanne wamekaa mbele ya kompyuta bila kufanya kazi. Barua pepe haitoki. Mkutano wa video na wenzetu wa Kinshasa unakatika kila baada ya muda mfupi. Papa mkurugenzi alikuwa ameshaamua: "Koneksio ni ndogo, tulipie paketi kubwa." Nikamwomba siku tatu tu.

Katika siku hizo niliiacha rauta, kifaa kinachopitisha intaneti ya ofisi nzima, ijipime yenyewe. Njia ya kushusha, yaani ya kupokea, ilikuwa na nafasi tele. Iliyojaa ilikuwa njia ya kupandisha: megabiti 2 kwa sekunde, karibu zote zimechukuliwa na simu nne zilizokuwa zikituma picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zinaposhika Wi-Fi ya ofisi. Kupokea nako kulikwama, maana kila fungu la data linalofika hutaka jibu dogo la kukiri lirudi lilikotoka, na majibu hayo yalikuwa yamekaa foleni nyuma ya picha za watu. Paketi kubwa ingeongeza bili ya kila mwezi, na simu zile zingeendelea kuijaza njia ile ile.

Tangu siku ile simshauri mtu yeyote anunue mega kabla hajapima. Mwongozo huu ni wa yule anayetunza mtandao wa shule, zahanati, sekretariati au shirika dogo mjini Bukavu, mara nyingi peke yake, na mara nyingi juu ya kazi nyingine aliyoajiriwa kuifanya.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi

Watu huanza na jina la programu waliyosikia kwa rafiki. Anza na swali. Yapo matatu, na hayafanani: Laini imejaa kiasi gani, na saa ngapi? Nani anaijaza? Nimgawie nani kiasi gani? La kwanza hujibiwa na programu za kuhesabu, la pili na programu za kuchungulia mtiririko, la tatu na foleni zilizomo ndani ya rauta. Sijawahi kuona programu moja inayofanya yote matatu vizuri kwa ofisi ndogo, na anayekuuzia "suluhisho kamili" mwombe akuonyeshe ni lipi kati ya hayo matatu linajibiwa na bidhaa yake.

Hatua ya 2: Jua namba za laini yako

Hapa wengi huteleza kwenye biti na baiti. Kampuni huuza kasi, au debi kama tunavyoizoea huku, kwa megabiti kwa sekunde; faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 10 ikijaa kabisa hushusha megabaiti 1.25 kila sekunde. Kwa saa moja hiyo ni gigabaiti 4.5. Kwa hiyo paketi ya gigabaiti 50 inaweza kumezwa kwa muda wa saa kumi na moja hivi na kompyuta zinazojisasisha usiku huku nyote mmelala.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua uangalie nini. Ukilipa kwa wingi wa mega, adui yako ni jumla ya mwezi, na unahitaji programu ya kuhesabu jumla. Ukilipa debi isiyo na kikomo, jumla haikuhusu. Kinachokuumiza ni msongamano wa saa fulani.

Kisha pima mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu, ukitumia waya na si Wi-Fi, kompyuta nyingine zote zikiwa zimetolewa. Andika kushusha, kupandisha, na muda wa pakiti, yaani fungu dogo la data, kwenda na kurudi. Kama jengo lako linapokea koneksio kwa antena kutoka kilima kingine, na mji wetu ni wa vilima kweli, weka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta na kompyuta, kwenye kompyuta mbili, moja kila upande wa antena, upime kipande hicho peke yake. Ni ya bure na haihitaji intaneti. Nimeona ofisi Kadutu ikigombana na kampuni miezi miwili, kumbe antena yao wenyewe ilikuwa imesogezwa na upepo.

Kama unatumia satelaiti ya zamani, ile iliyosimama juu ya ikweta umbali wa kilomita 35,786, tegemea milisekunde 600 hivi za kwenda na kurudi. Hakuna programu itakayozipunguza. Usilipe mtu anayekuahidi hilo.

Hatua ya 3: Hakikisha una rauta inayoweza kusema

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Programu iliyowekwa kwenye laptopu huona data ya laptopu hiyo tu. GlassWire na NetLimiter ni nzuri kwa mtu anayetaka kujua kompyuta yake ya Windows inakula mega wapi, na kama wewe ni mmoja na modemu yako, ishia hapo: washa pia ule mpangilio wa Windows unaoiambia kompyuta kwamba koneksio hii inalipiwa kwa kipimo, masasisho mengi yatasubiri. Lakini kwa ofisi nzima, mahali pekee panapopita kila kitu ni rauta. Programu yoyote utakayochagua italazimika kuiuliza rauta. Kisanduku kinacholetwa na kampuni ya intaneti, mara nyingi ukikiuliza hakijibu: hakina SNMP, ambayo ni lugha vifaa vya mtandao hutumia kutaja hesabu zao, wala hakitoi kumbukumbu za mtiririko.

Suluhisho ni kuweka rauta yako mwenyewe nyuma ya kisanduku hicho, kila kompyuta na kila Wi-Fi ipite kwako kwanza. Mimi hutumia MikroTik, zinazotengenezwa na kampuni ya Latvia, kwa sababu hata ile ndogo ina SNMP, ina foleni, ina grafu ndani yake. Njia nyingine ni kuchukua rauta ya kawaida inayokubali OpenWrt, mfumo huria ulioanza mwaka 2004, ukaifuta programu iliyokuja nayo. Angalia kwanza orodha ya vifaa vinavyokubaliwa. Ukilazimisha kifaa kisichomo utabaki na plastiki isiyowaka.

Kama fedha ni za kitu kimoja tu mwaka huu, nunua rauta. Programu nyingi nzuri ni za bure.

Hatua ya 4: Chagua programu ya kuhesabu

Kazi hii ina historia inayonipa moyo. Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa akifanya kazi chuo kikuu nchini Uingereza ambako chuo kizima kilitegemea laini moja ya kilobiti 64 kwa sekunde. Ili kila mtu aone hali ya laini ile, aliandika programu ndogo ya kuchora grafu. Hiyo ndiyo MRTG, ambayo huuliza rauta kila dakika tano na kuchora mstari. Laini zetu leo ni pana mara nyingi kuliko yake, lakini swali lake na letu ni lile lile.

Kwa ofisi ya watu chini ya ishirini, usiweke seva yoyote. Grafu zilizomo ndani ya MikroTik, kwenye menyu ya Graphing, zinatosha: siku, wiki, mwezi, mwaka, unazifungua kwa kivinjari. Kama rauta au seva yako ni ya Linux, vnStat inahesabu jumla ya saa, siku na mwezi, haili kumbukumbu, na kwa anayelipia mega ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ukiwa na majengo mawili, swichi kadhaa, antena kati yao, hapo seva ina maana. Cacti huchora grafu tu, na huzichora vizuri. LibreNMS hutafuta vifaa yenyewe na kukupa picha ya haraka. Kwa anayeanza, ningeelekea huko. Zabbix ina nguvu zaidi na itakutumia onyo la kila namna, lakini itakuchukua majuma kuipanga, na nimeshaona Zabbix tatu zilizoachwa njiani kwa sababu aliyeziweka alihama kazi na hakuna aliyejua kuziendeleza. PRTG, ya Wajerumani, inakaa kwenye Windows, na ni rahisi kuelewa. Toleo la bure lina sensa 100. Sensa si kifaa: mlango mmoja wa swichi ni sensa moja, na kifaa kimoja kinaweza kumeza kumi. Hesabu kabla hujaipenda.

Sasa mitego miwili, ambayo ilinigharimu usiku mwingi.

Wa kwanza ni kaunta. Rauta huhesabu baiti kwenye kaunta, na kaunta ya kizamani ni ya biti 32: ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri, kama kilometa za gari kuukuu. Kwenye mlango wa megabiti 100 uliojaa, hilo hutokea kila baada ya karibu dakika sita. Kwenye mlango wa gigabiti moja, kila sekunde 34. Programu yako ikiuliza kila dakika tano, haijui kaunta imezunguka mara ngapi, na grafu itakudanganya bila haya. Dawa ni kaunta za biti 64, na hizo hazipatikani kwenye SNMP toleo la 1. Chagua toleo la 2c, au la 3 kama kifaa kinaweza, kwani la 3 pekee ndilo linaloficha nenosiri linapopita kwenye waya. Kwa vyovyote, badilisha nenosiri la SNMP, "public", lililowekwa kiwandani, na uizuie rauta isijibu maswali ya SNMP yanayotoka nje.

Wa pili ni wastani. Grafu ya dakika tano inaweza kukuonyesha megabiti 6 kati ya 10, ukasema laini imepumua, kumbe ndani ya dakika hizo tano ilijaa kabisa kwa dakika tatu na kulala dakika mbili. Watu wanalalamika, grafu inasema hakuna shida, na wewe unawaona waongo. Waamini watu kwanza. Fungua kipimo cha papo kwa papo saa ile ile wanayolalamika.

Hatua ya 5: Chagua ya kuonyesha ni nani

Kwa papo kwa papo, MikroTik ina Torch: unachagua mlango, unaona anwani ipi inapokea na kutuma kiasi gani sasa hivi. Ndiyo iliyonionyesha zile simu nne. Kwenye OpenWrt, nlbwmon hukuwekea jumla ya kila kifaa. Kwa mengi ya ofisi zetu, inatosha.

Ukitaka historia, yaani nani alijaza laini Jumanne iliyopita saa tano, rauta lazima itoe kumbukumbu za mtiririko, zinazoitwa NetFlow kwa jina la Cisco aliyeianzisha, au IPFIX, kiwango cha wote kilichofuata. MikroTik huziita Traffic Flow. Za kuzipokea, nfdump ni ya bure kabisa lakini unaiendesha kwa amri za kuandika. Ntopng ina sura nzuri na toleo la bure. Kitu kimoja tu: ntopng haipokei NetFlow moja kwa moja, inapitia nduguye nProbe, na nProbe ina lisensi ya kulipiwa. Shule, vyuo na mashirika yasiyo ya faida wanaweza kuomba lisensi bila malipo kwa watengenezaji wenyewe. Andika barua hiyo, usione haya.

Wireshark iache kwa siku ya ugonjwa wa ajabu. Ni darubini ya pakiti moja moja, si ya kuangalia kila siku.

Na usitarajie kuona watu wanasoma nini. Karibu kurasa zote sasa zimefungwa kwa HTTPS, inayoficha yaliyomo yanapopita njiani. Utaona anwani, kiasi, na mara nyingi jina la tovuti, basi. Ni sawa, kazi yetu ni barabara, si mizigo ya watu. Kabla ya kuwasha chochote cha hatua hii, waite wafanyakazi, waambie utapima nini na utahifadhi kwa siku ngapi. Kongo ina sheria ya dijitali (Code du numérique) tangu Machi 2023, na ndani yake data za mtu zina ulinzi. Lakini hata bila sheria, Mama anayeandika kwa mwanawe aliye hospitali hastahili kujua baadaye kwamba mtu alikuwa akimwangalia. Mimi huhifadhi siku thelathini, kisha nafuta.

Hatua ya 6: Gawa

Kuona bila kugawa ni kazi nusu. Na kugawa vizuri si kumkaba kila mtu kwa kipimo kidogo kisichobadilika. Ukimpa kila mmoja wa watu kumi megabiti 1 kwenye laini ya 10, yule anayefanya kazi peke yake usiku atabaki na 1 huku 9 zikilala.

Tumia foleni ya haki. Kwenye MikroTik, aina ya foleni iitwayo PCQ hugawa sawa kati ya walio kazini kwa wakati huo: wakiwa wawili, tano tano, wakiwa kumi, moja moja. Kushusha kunapangwa kwa anwani ya anayepokea, kupandisha kwa anwani ya anayetuma. Kwenye OpenWrt, weka SQM, programu ya kusimamia foleni, na uchague CAKE, mojawapo ya njia zake za kupanga foleni. Hiyo, pamoja na fq_codel iliyoitangulia, haiachi foleni irefuke hadi sauti ya simu ianze kukatika. RouterOS, mfumo wa MikroTik, toleo la 7 nayo inazo zote mbili.

Foleni lazima ikae kwako, isikae kwenye kisanduku cha kampuni. Kwa hiyo iambie rauta kuwa laini ni ndogo kidogo kuliko ilivyo: chukua namba za hatua ya 2, zile za saa mbaya, uweke asilimia 85 hadi 90 yake, kushusha na kupandisha kila moja peke yake. Watu hukasirika, "unatunyima asilimia kumi tuliyolipia?" Waonyeshe mkutano wa video kabla na baada.

Halafu kosa ambalo nimelikuta mahali pengi kuliko lolote: mtu amepanga foleni zake vizuri sana, hazifanyi kitu. Kwenye MikroTik, mpangilio wa kiwandani una kanuni inayoitwa fasttrack, inayopitisha data kwa njia ya mkato ili kupunguzia kichakataji kazi, na njia hiyo haipiti kwenye foleni zako. Izime. Kwenye OpenWrt, zima ile ya kupitisha mtiririko kwa mkato nayo. Kichakataji kitafanya kazi zaidi; kwa megabiti 10 au 20, rauta ndogo inamudu.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa delestaji, yaani umeme ukikatika

Programu iliyoandikwa kwa nchi ambako umeme haukatiki haijui maisha yetu. Kabla ya kuikubali, zima umeme wa jengo mchana, washa, kisha angalia mambo haya.

Je, kumbukumbu zimebaki? Grafu za MikroTik zina alama ya kuhifadhi kwenye diski, hakikisha imewekwa. VnStat huandika kila dakika tano, kwa hiyo utapoteza dakika chache tu. Je, saa ni sahihi? Rauta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Zikizimika hupoteza wakati, na grafu zako zitaonyesha mambo ya leo yakitokea jana. Washa NTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao, na eneo la saa uweke Africa/Lubumbashi, ndilo letu sisi wa mashariki. Ukiweka Africa/Kinshasa utachelewa saa nzima. Je, grafu imeruka juu ghafla mara umeme uliporudi? Hapo programu imeona kaunta ya sifuri ikadhani imezunguka. LibreNMS na Zabbix kwa kawaida hutambua, MRTG iliyopangwa vibaya hapana.

Seva yenyewe iwe laptopu kuukuu yenye betri inayoshika hata nusu saa. Haina fahari, lakini inajizima kwa adabu. Rauta na antena zipe betri yao ndogo.

Na zile huduma zinazohifadhi vipimo vyako ng'ambo, ukazifungua kwenye kivinjari: zinapendeza, lakini koneksio ikianguka, ambayo ndiyo saa unayozihitaji, huzioni. Tena kila kipimo kinapanda kwa mega zako. Kipimo kikae ndani ya jengo.

Hatua ya 8: Wiki mbili, kisha uamuzi

Weka programu moja ya kuhesabu na moja ya kuonyesha nani, basi. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, pima tu. Daftari liwe karibu: saa, nani amelalamika, alikuwa akifanya nini. Wiki ya pili washa foleni. Linganisha daftari na grafu. Kama laini inagonga juu kila siku ya kazi hata baada ya kugawa kwa haki, na kazi yenyewe ndiyo inayoijaza, hapo nenda kwa mkurugenzi na karatasi mkononi, ombeni paketi kubwa, kwa kushusha au kwa kupandisha, kulingana na iliyojaa. Ofisi ile ya Ibanda haikuhitaji. Tuliwekea simu kikomo cha kupandisha mchana, zikaachiwa usiku.

Mwisho wa wiki ya pili, toa nakala ya mpangilio wote wa rauta. Kwenye MikroTik ni amri moja, export, inayokupa faili la maandishi. Liweke kwenye kifunguo cha USB pamoja na karatasi yenye anwani za vifaa na tarehe. Kifunguo kimoja kibaki ofisini. Cha pili ukipeleke kwenye jengo lingine, na nenosiri lisiandikwe kwenye karatasi hiyo bali apewe mtu wa pili, kwa mdomo, mbele ya mkurugenzi.